Kutembelea Eyam, kijiji kilichojifunga na tauni ndani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Eyam ni wapi, na jina lenyewe linatamkwaje?

Sema "Iim", i ndefu kisha ufunge midomo. Ukisoma kama lilivyoandikwa, wenyeji watakuelewa, lakini watajua papo hapo kwamba ni mara yako ya kwanza.

Kijiji kiko Derbyshire, katikati ya Uingereza, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District. Usifikirie hifadhi ya simba na tembo. Hapa watu wanaishi, wanafuga kondoo, wanachimba mawe na watoto wanakwenda shule. Kinacholindwa ni sura ya nchi. Peak District ilikuwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humo, mwaka 1951. Mji mkubwa wa karibu ni Sheffield, kama kilomita 20. Eyam kwenyewe watu hawafiki 1,000, na nyumba zao za mawe zimejipanga kando ya barabara moja ndefu iliyoegemea mteremko unaoitwa Eyam Edge. Upande wa juu jiwe ni la mchanga, gumu, la rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Upande wa chini, kuelekea bonde la Middleton, jiwe linageuka chokaa nyeupe. Ukitazama kuta za mashamba utauona mpaka huo hata kabla hujaambiwa.

Kijiji kidogo hivyo, watu wanafuata nini?

Wanafuata habari ya mwaka 1665 na 1666, na nitaieleza kwa kirefu kidogo, maana bila hiyo utaona nyumba nzuri tu na urudi zako.

Mwishoni mwa Agosti 1665 robota la vitambaa lilifika kutoka London nyumbani kwa fundi wa nguo aliyeitwa Alexander Hadfield. London wakati huo ilikuwa inazika maelfu ya watu kila wiki kwa tauni. Vitambaa vilikuwa na unyevu, na msaidizi wa fundi, George Viccars, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Inaaminika kwamba humo mlikuwa na viroboto. Viccars akashikwa na homa, akavimba mitoki, akafa. Alizikwa tarehe 7 Septemba. Aliyefuata alikuwa mtoto wa nyumba hiyo hiyo, kisha majirani wa kulia na kushoto.

Baridi ilipoingia vifo vikapungua, na watu wakaanza kusema balaa limepita. Halikuwa limepita. Juni 1666 idadi ikapanda tena, na hapo ndipo makasisi wawili wakakutana. Mmoja alikuwa William Mompesson, kijana aliyefika kijijini mwaka 1664. Wa pili alikuwa Thomas Stanley, mtangulizi wake, Mpuritani, yaani Mprotestanti wa kundi lililotaka ibada sahili zaidi, aliyeondolewa kazini mwaka 1662 kwa kukataa kufuata kitabu kipya cha sala. Wanakijiji wengi bado walimwona Stanley ndiye kasisi wao, na wawili hao hawakuwa marafiki. Lakini Mompesson alijua kwamba peke yake hatasikilizwa. Wakasimama pamoja, wakawaomba watu mambo matatu. La kwanza, kila familia izike maiti zake yenyewe, karibu na nyumba, si kanisani. La pili, ibada zifanyike nje, kwenye hewa, watu wakiwa wamesimama mbalimbali. La tatu, mtu asitoke kijijini na asiingie.

Watu wakakubali.

Naomba msomaji wa Kiswahili atue kwenye lile jambo la kwanza, kwa sababu wageni wengi wanaliruka kwenda kwenye la tatu. Kwetu msiba hauna mwenyewe mmoja. Mtu akifa, majirani ndio wanaochimba kaburi, wanaopika, wanaobeba jeneza na wanaokaa na wafiwa mpaka siku ziishe. Hata mtu uliyegombana naye jana, leo utamkuta kwenye mkeka wako. Uingereza ya karne ya 17 nayo ilikuwa na desturi zake za kengele, sala, na kusindikizwa na kijiji kizima. Eyam waliyaacha yote hayo. Mwanamke alimzika mumewe peke yake shambani, na jirani yake akasimama mlangoni akitazama bila kusogea, kwa makubaliano. Kufunga mipaka ni jambo gumu, lakini kunyimana mkono wa kuzika, mimi naona, ndiko kulikokuwa kugumu zaidi.

Walikufa wangapi?

Novemba 1666 Mompesson aliandika barua akisema familia 76 ziliguswa na watu 259 walikufa. Ndiyo maana utasikia 260 ikitajwa kila mahali. Wa mwisho, Abraham Morten, alifariki tarehe 1 Novemba 1666, miezi 14 tangu Viccars. Agosti ya mwaka huo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote.

Ama idadi ya wakazi wote, kwa muda mrefu ilisemwa walikuwa 350, yaani waliobaki hawakufika 100. Watafiti waliorudi kwenye kumbukumbu za kodi na daftari za kanisa wanaona walikuwa wengi zaidi, kama 700. Kwa hesabu hiyo alikufa zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu. Ukikuta ubao au kitabu cha zamani kinachosema 350, usishangae.

Ni kweli walijifunga kwa hiari yao?

Swali hili ni la haki. Wenye mali na pa kwenda walikuwa wameshaondoka kabla ya Juni 1666, na Mompesson mwenyewe alikuwa amewapeleka watoto wake wawili Yorkshire. Waliobaki wengi walikuwa wakulima wadogo na wachimbaji wa madini ya risasi ambao hakuna mji ungewapokea. Pia kulikuwa na ahadi iliyosaidia: Earl wa Devonshire, mkabaila mkubwa aliyeishi katika jumba la Chatsworth jirani, alikubali kupeleka chakula na dawa mpakani ili watu wasilazimike kutoka. Tena sehemu kubwa ya simulizi tunazozipenda leo ziliandikwa muda mrefu baadaye, nyingine katika karne ya 19, kutoka midomoni mwa wajukuu na vitukuu.

Yote hayo ni kweli, na bado sioni yanapunguza kitu. Mlima wa Eyam si gereza. Usiku ukiingia, mtu mwenye miguu angeweza kupita vichakani akawa Sheffield kabla ya adhuhuri. Watu wasio na pa kwenda hukimbia kila siku duniani, maana hofu haiulizi anwani. Hawa wengi wao walibaki, na vijiji jirani havikupata msiba kama wao.

Nikifika, nianzie wapi?

Anzia makumbusho ya kijiji, barabara ya Hawkhill, mkabala na maegesho ya magari. Ni madogo, yanaendeshwa kwa moyo, na yamepangwa kwa namna ya kukupa majina kwanza, ugonjwa baadaye. Juu ya paa kuna kionyesha upepo chenye umbo la panya. Angalia siku za kufunguliwa kabla hujatoka nyumbani, kwani kipindi cha baridi huwa yanafungwa.

Kisha shuka kanisani kwa Mtakatifu Lawrence, na huko usiharakishe. Katika uwanja wa makaburi kuna msalaba wa mawe wa karne ya 8, uliochongwa malaika na mizabibu, sehemu ya nguzo yake imepotea lakini bado unamzidi mtu kimo. Hatua chache kutoka hapo kuna kaburi la Catherine Mompesson, mke wa kasisi. Alikuwa na miaka 27. Watoto walipopelekwa Yorkshire, yeye aliombwa aende nao, akakataa kumwacha mumewe. Masimulizi yanasema jioni moja ya Agosti 1666 walikuwa wakitembea malishoni akamwambia mumewe jinsi hewa inavyonukia vizuri, na kasisi akanyamaza, kwa kuwa watu wa wakati huo waliamini harufu tamu ni dalili ya tauni. Tarehe 25 alikuwa ameshazikwa. Ni mmoja wa wachache sana wa msiba ule walio na kaburi kanisani.

Ndani ya kanisa utakuta orodha ya majina ya waliokufa, kiti kinachoitwa cha Mompesson, na dirisha la vioo vya rangi lililowekwa miaka ya 1980 likisimulia habari yote kwa picha: vitambaa, makasisi wawili wakishauriana, mama na wanawe. Ukiwa na watoto wasiosoma Kiingereza vizuri, wapeleke dirishani kwanza.

Kabla hujaondoka zunguka ukuta wa kusini, tazama juu ya mlango mdogo. Pale kuna saa ya jua ya mwaka 1775 iliyochongwa kwa ustadi wa ajabu. Haikuambii saa za Eyam peke yake, imeandikwa pia majina ya miji ya mbali, Makka na Kalikuti ikiwemo. Nilisimama chini yake muda mrefu. Kijiji ambacho babu zao walikatazwa kuvuka kijito, wajukuu wakachonga ukutani adhuhuri ya Makka.

Naweza kuingia kwenye zile nyumba za tauni?

Hapana. Nyumba ya Hadfield na zile zinazofuatana nayo, karibu na kanisa, ni makazi ya watu. Wana watoto, wana paka, wana nguo kwenye kamba. Kila nyumba ina ubao mbele wenye majina ya waliofia ndani, na ubao huo unasomwa kutoka njiani. Usichungulie dirishani, usiegemee ukuta wa bustani kupiga picha. Kwa kipimo chetu ni rahisi: umefika kwenye nyumba iliyowahi kufiwa, na hukupiga hodi.

Jiwe la Mpaka ni lipi, na njia yake ikoje?

Ni bonge la mwamba lililolala malishoni kati ya Eyam na kijiji cha Stoney Middleton. Kwenye vibao limeandikwa Boundary Stone. Juu yake kuna matundu sita yaliyotobolewa. Watu wa Eyam walitia sarafu humo pamoja na siki, wakiamini siki inaua ugonjwa, na watu wa nje waliacha chakula, wakachukua fedha, wakaondoka. Hakuna aliyegusa mkono wa mwenzake.

Njia inaanzia uchochoro wa Lydgate, mashariki ya uwanja mdogo wa kijiji. Unapita makaburi mawili ya familia ya Darby yaliyo kando ya njia, kisha unatokea shambani. Ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mtu asiye na haraka, kuteremka wakati wa kwenda na kupanda wakati wa kurudi. Ukifika, geuka utazame nyuma: kanisa na paa za Eyam ziko pale pale, karibu kiasi kwamba mtu akiita kwa nguvu atasikika.

Wageni wengi huacha sarafu katika matundu. Si lazima. Ukitaka kuacha, acha, ukizikuta, usiziokote.

Makaburi ya Riley ni ya nani?

Ni ya familia ya Hancock. Yako nje kidogo ya kijiji upande wa mashariki, kama dakika 20 kwa miguu kutoka kanisani, kwa njia nyembamba inayopanda. Utaona duara la ukuta wa mawe katikati ya malisho, na ndani yake mawe saba. Baba na watoto sita. Wote walikufa kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666, ndani ya siku nane. Aliyewazika ni Elizabeth Hancock, mke na mama yao, mmoja baada ya mwingine, bila msaidizi. Inasimuliwa kwamba aliwafunga kitambaa miguuni akawaburuta mpaka shimoni, ili asiwaguse, na kwamba watu wa Stoney Middleton walimwona kutoka ng'ambo ya bonde wasiweze kwenda kumsaidia.

Yeye hakuugua. Baadaye aliondoka akaenda Sheffield kuishi na mwana aliyekuwa amebaki.

Mahali penyewe pana mandhari ya kupendeza, na hilo linamchanganya mtu. Siku niliyokwenda ilikuwa Novemba, ukungu umefunika bonde, kondoo wanakula majani mpaka kwenye ukuta. Nilikuta shada la maua madogo ya bustanini lililofungwa kwa uzi, si la dukani. Kwa hiyo kuna mtu wa hapo hapo anayewakumbuka akina Hancock baada ya zaidi ya miaka 350. Kama umebakiza nguvu za sehemu moja tu, uache hata Jiwe la Mpaka, uende Riley.

Cucklet Delf ni nini?

Ni bonde dogo la majani, kusini ya kijiji, lenye mwamba wa chokaa uliotoboka kama matao ya kanisa. Hapo ndipo Mompesson alipohubiri kanisa lilipofungwa, kila familia ikisimama kivyake. Ni hapo pia inaposemwa kwamba Emmott Sydall wa Eyam alikuwa akikutana na mchumba wake Rowland Torre wa Stoney Middleton. Walitazamana kutoka mbali, bila kusogeleana, wiki baada ya wiki. Mwishoni mwa Aprili 1666 Emmott hakuja. Rowland aliendelea kuja. Inasemekana alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kijijini baada ya tauni kwisha, akaenda moja kwa moja nyumbani kwao kuuliza. Kifo cha Emmott kimo katika daftari. Mengine yamehifadhiwa na midomo ya watu.

Bonde liko kwenye ardhi ya mtu binafsi. Heshimu mabango. Siku ya kulifikia bila wasiwasi ni Jumapili ya Tauni.

Jumapili ya Tauni ni siku gani, na asiye Mkristo anaweza kwenda?

Ni Jumapili ya mwisho ya Agosti. Watu huandamana kutoka kijijini hadi Cucklet Delf, ibada inafanyika pale pale kwenye majani. Iko wazi kwa kila mtu, na hutaulizwa dini. Simama, sikiliza, ondoka kwa utulivu.

Wiki hiyo hiyo kijiji hupamba visima, desturi ya Derbyshire ambayo sijaiona mahali pengine. Wanatandaza udongo wa mfinyanzi kwenye mbao kubwa, wanachora picha, kisha wanaijaza kwa petali za maua, majani, mbegu na kuvu za mawe, petali moja moja, kwa vidole. Kazi ya siku kadhaa, na baada ya wiki imenyauka. Wanawake kwa wanaume, vijana na wazee, wote wamo. Anayejua kazi ya kutunga vikuba vya asumini ataelewa subira inayotakiwa.

Na Kisima cha Mompesson?

Kiko juu ya kijiji, upande wa kaskazini, kando ya barabara. Nacho kilikuwa mahali pa kuachia chakula na fedha, maji yakipita juu ya sarafu. Mlima wa kufikia hapo ni mkali na chenyewe ni kidogo. Nenda kama unapenda kupanda.

Tauni bado ipo? Kuna hatari yoyote?

Eyam hakuna hatari. Duniani tauni ipo, na Waswahili wanaifahamu kuliko Waingereza wa leo: Lushoto, katika milima ya Usambara, ilisumbuliwa nayo kwa miaka mingi tangu 1980, na Ituri, mashariki mwa Kongo, bado wanapata wagonjwa. Ni bakteria ile ile, Yersinia pestis. Tofauti ni kwamba sasa inatibika kwa antibiotiki, mradi mgonjwa awahi hospitali.

Kuhusu namna ilivyosambaa Eyam, utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulichambua vifo nyumba kwa nyumba, ukaona kwamba panya na viroboto wao walieleza sehemu ndogo tu ya maambukizi, kama robo. Mengi yalikuwa ya mtu kwa mtu, hasa ndani ya nyumba moja. Fikiria maana yake: anayeuguza ndiye aliyefuata kuugua. Na kule kujitenga wakati wa ibada na kuzika kila mtu wake, ambako walikuwa wanakisia tu, huenda kuliokoa watu humo humo kijijini.

Kuna cha kuona kisichohusu vifo?

Kipo. Eyam Hall, nyumba kubwa ya mawe ya familia ya Wright, ilijengwa mwaka 1672, miaka sita tu baada ya msiba. Ukiitazama kwa macho hayo ni kama kijiji kinavuta pumzi tena. Mbele yake, uwanjani, umebaki mkatale waliofungwa miguu wakosaji. Mshairi Anna Seward alizaliwa hapa mwaka 1742. Na ukipanda Eyam Edge utaona mashimo na vifusi vya machimbo ya risasi, kazi iliyolisha kijiji hiki kwa karne nyingi. Wachimbaji wana baa yao hadi leo, Miners Arms, jengo la karne ya 17.

Ni sawa kukatiza shamba la mtu?

Hili huwasumbua sana wageni kutoka kwetu, ambako kukatiza shamba la mtu usiyemjua ni kutafuta ugomvi. Uingereza kuna njia za miguu za umma zinazopita katikati ya mashamba ya watu, na haki ya kuzipita ni ya kila mtu, kisheria. Fuata alama za mshale kwenye nguzo. Kaa ndani ya njia. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Kuta hazina saruji, mawe yamepangwa tu, kwa hiyo usizikwee, tafuta kipandio. Wakati wa kuzaa kondoo, Machi hadi Mei, pita mbali na mama na wanawe.

Niende na watoto? Na wazee je?

Watoto, ndiyo. Wanaelewa kuliko tunavyodhani, hasa hawa waliokaa nyumbani miezi ya korona. Lakini Riley waeleze kwanza kabla hamjafika, ili wasiruke juu ya mawe. Wazee watamudu kanisa, nyumba na makumbusho. Njia za mashambani ni za mawe na matope, na viti vya magurudumu havipiti.

Hali ya hewa, chakula, sala?

Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote. Beba koti la mvua hata kama asubuhi ni jua, na uvae buti zenye meno.

Kuna vibanda vya chai na baa inayopika. Chakula cha halali usikitegemee kijijini. Nunua Sheffield, ambako kimejaa, ubebe. Waislamu watapata sehemu nyingi tulivu za kuswali malishoni, ilimradi si makaburini wala juu ya mazao ya mtu. Maji ya udhu chukua kwenye chupa.

Mompesson aliishia wapi?

Mwaka 1669 alihamishiwa parokia ya Eakring, Nottinghamshire. Watu wa huko waliogopa kwamba bado amebeba ugonjwa, wakakataa asiingie kijijini, na kwa muda alilazimika kuishi kibandani katika eneo la Rufford Park. Alifariki mwaka 1709. Stanley alifia Eyam mwaka 1670, na jiwe la kumbukumbu yake liko makaburini.

Sina gari. Nitafikaje, na nitarudije?

Kuna mabasi kutoka Sheffield yanayopita kijijini. Ratiba hubadilika, jioni ni machache na Jumapili machache zaidi, kwa hiyo jua basi lako la mwisho kabla hujapanda la kwanza.

Njia ninayoipenda mimi ni treni ya Sheffield kwenda Manchester kupitia bonde la Hope. Inaingia chini ya mlima katika tundu la Totley, kama kilomita 5.7 za giza, na inapochomoza tu, umefika kituo cha Grindleford. Kutoka hapo hadi Eyam ni kama kilomita tano kwa miguu, sehemu kubwa ni kupanda. Jipe saa moja na nusu. Wakati wa kurudi ni mteremko, na ukiondoka Eyam saa kumi jioni wakati wa kiangazi utafika kituoni jua bado liko juu ya mlima. Si treni zote zinazosimama Grindleford. Hakikisha yako inasimama.